Kambo anasahau: maswali ya familia za Lubumbashi juu ya ugonjwa wa Alzheimer

Maswali haya yameulizwa kwenye foleni ya kupima tansio (shinikizo la damu), kwenye matanga, mbele ya kanisa baada ya misa, na mara nyingine kwa simu usiku wa manane. Sisi wauguzi tunayasikia karibu kila juma. Tumeyaacha jinsi yalivyoulizwa, hata pale yanapouma. Kambo, kwetu, ni babu au bibi.

Alzheimer ni nini hasa?

Ni ugonjwa unaoua chembe za ubongo polepole. Protini mbili ndizo zinazotajwa zaidi: amiloidi, inayojikusanya nje ya chembe, na tau, inayojisokota ndani yake. Chembe zinaacha kupashana habari, zinakufa, na ubongo unasinyaa. Kwa kawaida uharibifu unaanza sehemu inayopokea mambo mapya. Ndiyo maana mgonjwa anasahau alichokula asubuhi, lakini anakumbuka ni nani alipiga ngoma siku ya harusi yake. Mabadiliko hayo yanaweza kuanza miaka 15 hadi 20 kabla ya mtu yeyote nyumbani kushtuka.

Jina ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alimpokea mama wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Daktari alimwomba aandike jina lake. Akaanza, akasahau katikati. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliupima ubongo wake kwa hadubini, na Novemba ya mwaka huohuo akawaeleza madaktari wenzake kule Tübingen alichokikuta. Jina la ugonjwa liliingia vitabuni mwaka 1910, kwa mkono wa Emil Kraepelin, daktari wa magonjwa ya akili.

Na demensia je? Ni kitu kimoja?

Demensia ni hali: akili, kumbukumbu na uwezo wa kujitunza vinapungua hadi maisha ya kila siku yanavurugika. Alzheimer ni ugonjwa mmoja unaoleta hali hiyo, na ndio unaoongoza, kati ya wagonjwa 60 na 70 kwa kila 100. Wengine demensia yao inatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, jambo ambalo kwetu, kwa jinsi tansio inavyoachwa bila dawa, tusilichukulie kirahisi.

Si ni ugonjwa wa Wazungu?

Hapana. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye demensia mwaka 2021, na zaidi ya 60 katika kila 100 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Watafiti wamepita nyumba kwa nyumba Kongo-Brazzaville na Jamhuri ya Afrika ya Kati, wamefanya kazi pia Kinshasa, na wagonjwa wamewakuta. Kilichokuwa nadra kwetu ni kipimo.

Mzee kusahau si jambo la kawaida?

Kusahau kidogo, ndiyo. Mama akisahau chumvi kwenye sombe (majani ya muhogo), akikosa jina la jirani halafu likamrudia saa moja baadaye, huo ni uzee. Lakini mama aliyepika bukari (ugali) maisha yake yote akisimama mbele ya maji yanayochemka, unga mkononi, macho yanatafuta, hajui kinachofuata nini: hapo kuna ugonjwa.

Angalia pia haya. Anauliza swali lilelile mara nne kabla ya chai kupoa. Anapotea kwenye njia aliyoizoea, mathalani, hapa mjini, kutoka soko la komini (wilaya) ya Kenya kurudi nyumbani komini ya Katuba. Anashindwa kuhesabu chenji, yeye aliyekuwa akiuza mkaa na hakuna aliyeweza kumpunja. Anaweka sabuni kwenye sufuria ya mboga. Tabia inageuka: mpole anakuwa mkali, mcheshi anakaa kimya kutwa. Dalili moja ya siku moja haina uzito. Zikijipanga miezi sita, na kila mwezi zaidi ya uliotangulia, usingoje.

Kambo anasema tuko Zaïre, na saa kumi za alfajiri anavaa kwenda kazini Union Minière, kampuni ya migodi. Tumsahihishe?

Swali hili ni la Lubumbashi kabisa, na tunalipenda kwa sababu linaonyesha vizuri jinsi ugonjwa unavyofanya kazi. Kumbukumbu za zamani ndizo zinazodumu. Mtu aliyezaliwa hapa mji ukiitwa Élisabethville ameona jina likibadilika mwaka 1966, kampuni ikitaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, nchi ikawa Zaïre mwaka 1971, ikarudi Kongo mwaka 1997. Ugonjwa unafuta kuanzia juu. Leo yuko Zaïre, mwakani atakuwa Élisabethville, na siku moja atakuita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani.

Kumsahihisha kwa ukali hakuleti faida. Ukimwambia "kampuni imekufa, na wewe una miaka themanini", anasikia habari mbaya kama mpya, anahuzunika au anapigana, na baada ya nusu saa anavaa viatu tena. Ingia upande wake: "Tata, leo ni siku ya mapumziko. Keti kwanza, chai iko tayari. Ulikuwa unafanya kazi idara gani?" Wengi wataongea mpaka hamu ya kutoka ipite. Watoto wengine wanaona huo ni uongo kwa mzazi. Sisi hatuoni hivyo. Unajibu wasiwasi wake, na wasiwasi ndio wa kweli.

Kuna jambo la lugha pia. Mji huu umejaa wazee waliokuja kutoka Kasai na kwingineko kufuata kazi. Mara nyingi lugha waliyojifunza ukubwani inatoweka kabla ya ile ya utoto, na mzee anabaki na Kiluba peke yake katikati ya wajukuu wanaojua Kiswahili na Kifaransa tu. Halafu watu wanasema "hasemi tena" au "anasema maneno ya giza". Tafuteni mtu wa kijiji chake, hata mara moja kwa juma. Msiseme amenyamaza kabla hamjajaribu.

Watu wa mtaa wanasema ni ulozi. Tufanye nini?

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauui upesi, lakini maneno haya yanaweza kuua kwa usiku mmoja.

Chukua yale yanayotajwa kama ushahidi, moja moja. Anatembea usiku: saa ya ndani ya ubongo imeharibika, usiku na mchana kwake vimechanganyika. Anaongea na marehemu: ama anaishi katika miaka ambayo marehemu alikuwa hai, ama anaona visivyokuwepo, jambo linalotokea katika demensia za aina mbalimbali. Amekutwa uchi kwenye lupango (kiwanja) la watu: alikuwa anatafuta choo, nguo zimemshinda, akapita mlango uliokuwa wazi. "Amekiri mwenyewe": mgonjwa wa hatua ya kati anaweza kusema ndiyo kwa swali lolote linaloulizwa kwa sauti kubwa na watu kumi. Muulize kama ameiba mwezi, atakubali.

Zingatia na hili. Wanaume wazee wakichanganyikiwa wanaitwa wagonjwa au walevi. Wajane ndio mara nyingi wanaoitwa walozi. Na ukifuatilia nani alilitamka neno kwanza, usishangae ukimkuta mtu anayelitazama lupango la mama huyo. Hatusemi ni kila mara. Tunasema chunguza.

Mkipeleka mzee kwenye maombi, pelekeni. Sala inamtuliza, na nyimbo za zamani anazikumbuka kuliko majina ya watoto. Kinachotutia hofu ni kumfungisha mzee wa miaka sabini na kitu siku tatu bila maji, kumwachisha dawa za tansio au sukari ili "imani ifanye kazi", kumfunga kamba, kumpiga ili pepo atoke. Mzee asiyekunywa maji anachanganyikiwa zaidi, na wanaosali wanadhani pepo amechachamaa. Mchungaji mwenye busara ataomba na atawatuma hospitali. Yule anayekataza hospitali, ondokeni kwake.

Kwa majirani, semeni mapema, kabla ya tukio. Mtu mmoja anayeheshimika katika familia aende kwa mkuu wa mtaa na kwenye nyumba za jirani aseme waziwazi: mama yetu ana ugonjwa wa ubongo, ameonwa na daktari, mkimkuta nje tupigieni simu. Karatasi ya daktari isaidie. Familia zinaficha kwa aibu, na kuficha ndiko kunakoyapa maneno nafasi.

Yeye alikuwa mzima Jumatatu, Alhamisi hatujui tena nani ni nani.

Hiyo si Alzheimer. Nendeni hospitali leo. Kuchanganyikiwa kwa siku chache kunatokana na malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari kupanda au kushuka, kukosa maji, kiharusi, au damu kuvuja kichwani baada ya kuanguka. Mengi ya hayo yanatibika kama hamkuchelewa. Na kama mzee alikuwa na Alzheimer tayari kisha akabadilika ghafla, fuateni njia hiyohiyo.

Tuanzie wapi, na watamfanyia nini?

Anzeni kituo cha afya cha karibu, mwombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Lubumbashi kuna Hospitali Jason Sendwe, kuna kliniki za Chuo Kikuu, na kuna kituo cha magonjwa ya ubongo na akili cha Joseph Guislain. Usiogope kuonwa ukiingia huko. Akili ni kiungo kama ini.

Hakuna kipimo kimoja cha damu mtakachopewa na jibu mlangoni. Daktari anauliza historia, na hapo anayeishi na mzee ni muhimu kuliko mtoto mkubwa anayelipa kutoka Kinshasa au Ulaya. Andikeni kabla ya kwenda: lilianza lini, jambo gani la kwanza, dawa zote anazomeza. Leteni vidonge vyenyewe kwenye mfuko, maana dawa nyingine za mafua, za mzio na za usingizi zinavuruga kumbukumbu za wazee. Kisha vinatafutwa vitu vinavyofanana na Alzheimer lakini vina tiba: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende, virusi vya Ukimwi, huzuni kubwa. Masikio na macho pia yaangaliwe. Asiyesikia anajibu ovyo, na watu wanasema akili imekwenda. Skana ya kichwa ikiwezekana ni nzuri. Isipowezekana, kazi haisimami.

Majaribio ya kumbukumbu yatamwomba ataje tarehe, akumbuke maneno, achore saa. Mama asiyesoma hawezi kupimwa kwa kalamu aliyoishika mara chache maishani. Mwanasaikolojia wetu Mkongo Jean Ikanga, wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, ameshughulika na wenzake kutengeneza majaribio yanayolingana na watu wa Afrika na kuyatumia Kinshasa. Mkiona mpimaji anamkatia mama asiyesoma alama kwa sababu ya kalamu, semeni.

Dawa iko?

Ya kuponya, haipo. Donepezili, rivastigmini na galantamini zinasaidia baadhi ya wagonjwa kushika kumbukumbu kwa muda. Memantini ni ya hatua za mbele. Hazisimamishi ugonjwa. Kabla ya kuuza mbuzi, muulizeni daktari itamsaidia kwa lipi, na mtajuaje kama imesaidia.

Mtasikia pia habari za dawa mpya zinazosafisha amiloidi, lekanemabu na donanemabu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024. Ni za hatua ya mwanzo tu, zinaingizwa kwa mshipa, zinapunguza kasi kidogo, na zinaweza kuvimbisha au kuvujisha damu ubongoni, kwa hiyo zinahitaji picha za MRI za mara kwa mara. Kwa familia nyingi za hapa, leo, si njia.

Wauzaji wa "dawa ya ubongo" kwenye basi hatuna subira nao. Ginkgo, mmea unaosifiwa dunia nzima, ulipimwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3000 na matokeo yakatoka mwaka 2008: haukuzuia demensia.

Tahadhari moja zaidi: msinunue haloperidoli au diazepamu bila daktari ili "alale". Dawa za aina ya haloperidoli zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye demensia. Diazepamu inawaangusha, na nyonga ikivunjika mambo yanakuwa mengine kabisa.

Ni moshi wa lile bomba refu la kiwanda cha Gécamines? Au sufuria za aluminiamu?

Sufuria, ushahidi hautoshi, pikeni. Hewa chafu, ndiyo, imo kwenye orodha ya mambo yanayoongeza hatari. Lakini hakuna daktari anayeweza kusema moshi fulani ndio uliomgusa kambo fulani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi, na hilo ni deni kubwa la kiafya kwa mji huu. Kuliunganisha na Alzheimer kwa nguvu ni kuruka mbele ya ushahidi.

Baba alikuwa nao. Nami nitaupata?

Si lazima. Familia chache sana zina jeni inayoleta ugonjwa mapema, kabla ya miaka 65, kizazi kwa kizazi. Kwa wengine, kuwa na mzazi mgonjwa kunaongeza hatari kiasi tu.

Kuna kuzuia?

Kwa sehemu. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14, na likakadiria kuwa karibu demensia 45 kati ya 100 zingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa. Baadhi ni ya serikali: shule, hewa. Baadhi yako mkononi mwako: tansio, sukari, mafuta ya damu, tumbaku, pombe, unene, kukaa bila kutembea, kuumia kichwa (wenye pikipiki, kofia!), masikio na macho yasiyotibiwa, huzuni, upweke. Tukiambiwa tuchague moja kwa Lubumbashi, tungechagua tansio, kuanzia miaka ya arobaini, na dawa zake kumezwa hata siku unapojisikia mzima.

Anatoka usiku. Tumfunge?

Msimfunge. Wekeni komeo mahali asipozoea kutazama, juu kabisa ya mlango au chini, na mtu alale karibu. Kengele ndogo au makopo kwenye mlango yanatosha kumwamsha aliyelala. Mchana mtembezeni, usingizi wake uwe wa usiku. Namba ya simu ishonwe ndani ya kola ya nguo. Picha yake ya karibuni iwe kwenye simu za watu watatu.

Mbabula (jiko la mkaa) iondoke chumbani mwake. Ataisahau ikiwaka, na hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa inaua bila harufu. Hilo ni kwa kila nyumba, kwa kweli.

Ananiambia mimi ndiye nimemwibia pesa. Mimi ninayemwogesha!

Pole, dada. Ameficha, amesahau kwamba ameficha, na ubongo unatafuta maelezo. Wewe ndiye uliye karibu. Usijitetee. Sema "tuzitafute pamoja", tafuta mahali pake pa siku zote (chini ya godoro, ndani ya gunia la unga, kwenye kiatu), na mwache yeye azione kwanza. Wahusika wa kuelimishwa ni ndugu zako wanaokuja Jumapili, wanasikia shitaka hilo na kuondoka nalo.

Karatasi za lupango na pesa za simu?

Msichelewe. Mtu wa hatua ya mwanzo bado anaweza kueleza anachotaka. Mwiteni notari akiwa bado anaelewa, mbele ya watoto wote, si mmoja. Akishapita hatua hiyo, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ina njia ya mahakama kumweka mtu wa kusimamia mali yake. Ni polepole, lakini ni bora kuliko kugundua kwamba nyumba imeuzwa kwa alama ya kidole gumba. Namba ya siri ya pesa za simu isikae kwa mgonjwa wala kwa wajukuu wote.

Nimechoka. Nikisema hivyo nitaonekana mtoto mbaya?

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mtunzaji wa nyumbani anatumia wastani wa saa 5 kwa siku, na wanawake ndio wanaobeba 70 katika kila 100 ya saa za utunzaji. Kwetu ni binti asiyeolewa, au mkwe, au mjukuu aliyeachishwa shule kimyakimya. Anaacha biashara sokoni, analala vipande vipande, anapandisha tansio yake mwenyewe. Hakuna anayemuuliza.

Iteni kikao cha familia, kama mnavyoita kwa ajili ya mahari au matanga. Anayeishi mbali na kutuma pesa ajue pesa si zamu. Mmoja achukue Jumamosi nzima, mwingine ashike usiku miwili, mwingine alipe mfuaji wa mashuka. Mtunzaji atoke nyumbani angalau mara moja kwa juma, na asieleze anakwenda wapi. Akianza kupiga kelele au kuinua mkono, hiyo ni alama kwamba zamu imepita kiasi; mbadilisheni siku hiyohiyo.

Mwisho wake ukoje?

Wengi wanaishi miaka 4 hadi 8 baada ya kutambuliwa, wengine hadi 20. Mwishoni hatembei, haongei, kumeza kunamshinda, na nimonia ndiyo mara nyingi inayomchukua. Mlisheni akiwa ameketi wima, uji mzito kuliko maji, kijiko kidogo, subira nyingi. Mgeuzeni kila saa mbili asipate vidonda. Muulizeni daktari juu ya maumivu hata kama mgonjwa hasemi. Uso ukikunjamana anapoguswa, huo ndio usemi wake.

Parokia yetu inataka kufanya kitu tarehe 21 Septemba. Tufanye nini?

Hiyo ndiyo Siku ya Alzheimer Duniani, na mwezi mzima wa Septemba umewekwa kwa ajili hiyo. Msianze na hotuba. Pangeni meza ya kupima tansio na sukari bure, watu watakuja wenyewe, na wakiwa kwenye foleni mwelezeni kila mmoja kwa dakika mbili dalili za hapo juu. Mpeni nafasi mtunzaji mmoja aseme, kama anataka, bila picha. Waalikeni wachungaji wa makanisa mengine ya mtaa na mkuu wa mtaa juma moja kabla, faraghani, waulize maswali yao magumu bila kusikilizwa na waumini. Wale wazee wenyewe wapewe viti vya mbele, kivulini, karibu na choo.